Kamba ya Nyumba ya Bi Atika

Alisimulia marehemu mama yangu, naye aliyapokea kwa wakubwa wake, kwamba katika mji mmoja wa jangwani aliishi mcha Mungu akiitwa Bi Atika, msokota kamba. Macho yake yalikuwa yameshazima, lakini vidole vikiona. Kila mwaka mji ulisafisha kisima chake cha pekee, na kamba ya kumteremshia mtu ilitoka kwa Bi Atika. Watu wakisema, "Kamba ya nyumba hiyo haijaribiwi."

Vijana hawakutaka kujifunza. "Bibi, kamba zinakuja na msafara. Tujichubue mikono ya nini?" Hata mjukuu wake Safura alisema hivyo hivyo. Mwaka ule Bi Atika akaugua, akamwachia kazi. Siku ya pili tu Safura akachoka. Akatwaa kamba kuukuu, akaivika nyuzi mpya za mtende juu yake. Bibi akapapasa ncha mbili, akasema, "Alhamdulillahi."

Siku ya kusafisha kisima akateremka nayo Wahbi, mtu mwema, baba wa watoto watano. Akazibua chemchemi, maji yakaanza kupanda, akaita avutwe. Hapo Safura, aliyesimama ukingoni, akaona nyuzi za juu zimefyatuka, na ndani kweusi kwa kuoza.

Shetani akamnong'oneza: nyamaza. Ikikatika, watasema ni kadari.

Wanaume walikuwa wameshaishika. Safura akajitupa juu ya mikono yao.

"Msivute! Ndani imeoza. Nimeifanya mimi, Bibi hajui!"

Akaletwa Bi Atika, ameshikwa mkono. Hakugomba.

"Hakuna kamba nyingine ndefu?"

"Hakuna, Bibi. Zilizopo za kufungia mbuzi."

"Na msafara je? Uiteni basi."

Hakuna aliyecheka. Akawaketisha vijana wote chini, nyuzi mapajani, akapita akiwashika vidole mmoja mmoja, wengine wana ndevu, hawajui uzi unaanzia wapi.

"Kunani huko juu?" Wahbi akauliza.

"Kamba inasokotwa, mwanangu. Mkumbuke Mola wako."

"Maji yako kiunoni, mama. Na kuogelea sijui."

Safura alisokota mbio mbio. Bibi akapapasa. "Hapa umelegeza. Fumua."

"Bibi, yamemfika kifuani!"

"Fumua. Tukimdanganya mara ya pili, tutatoa maiti."

Akafumua pima nzima, machozi yanamtoka, viganja vinavuja damu. Kutoka chini sauti ya Wahbi akimsabihi Mola ilikuwa ikikatikakatika.

Kamba ilipotimia, wanaume wakaikimbilia.

"Ijaribuni kwanza," akasema Bi Atika.

"Bibi, si ya nyumbani kwako?"

"Ndiyo maana nasema ijaribuni."

Wakaivuta wanne kwa wanne. Ikashika. Ikateremshwa, na Wahbi akapanda, maji yalikuwa yameshamgusa kidevu. Akasujudu palepale mchangani. Alipoelezwa yote, akamwomba Safura afungue viganja vyake, akavitazama sana.

"Mwakani nitateremka kwa kamba yako, binti yangu. Nitaijaribu, lakini nitateremka."

Wajukuu zangu, mimi sikusoma. Mola hashindwi na njia, hilo nalijua. Lakini siku ile Wahbi aliomba kule chini, na jibu lake likapitia vidoleni mwa watu. Basi kila ninapoinua mikono kuomba dua, huiangalia kwanza: je, leo hii mtu akiniita kutoka kisimani, inajua kufanya nini?