Nyimbo Zilizokunywa Kisima

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakialikana harusi, Kindi alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri kumi. Kila Ijumaa uwanja wake ulijaa wachezaji, naye akajiona mfalme.

Siku moja Tembo akafunga mitambo pangoni kwake, akavuta nyuzi hadi kila nyumba. Ukitaja wimbo tu, huo! Umefika.

"Hakuna santuri, hakuna mti unaokatwa kwa ulimbo wa kuzitengeneza," Tembo akajigamba. "Ni hewa tupu!"

Ijumaa iliyofuata hakuja hata panya. Kindi akabaki na santuri zake, wivu ukimtafuna. Akisikia jirani anaimba na wimbo wa Tembo, anaziba masikio kwa mkia.

Hatimaye akaufuata uzi mpaka pangoni, akachungulia. Mitambo inanguruma, vuuu! Joto lake halisemeki. Bomba refu linavuta maji ya kisima cha kijiji kuipoza, gwi gwi gwi, nayo yanaishia kuwa mvuke, fuuu! Kumbe ndiyo maana kisima kimepungua, na wanakijiji wanalilaumu jua!

Akakimbia kuwaambia. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Wivu tu huo, Kindi!" akasema Bi Swala.

Na kweli ulikuwa wivu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku Bi Swala alipomwoza bintiye, Kindi akadamka kwenda kwa Tembo, uso mkunjufu.

"Shikamoo, mzee. Watu hawana dogo! Eti mitambo yako haiwezi kuimbia nyumba zote kwa pamoja, kila nyumba na wimbo wake."

"Nani kasema?" Tembo akapiga mguu chini, ti! "Leo watanitambua!"

Basi nyimbo zikamwagika kila nyumba tangu asubuhi. Adhuhuri wapishi wakaenda kuteka maji ya pilau. Ndoo ikashuka, ikashuka, ko! Mawe matupu.

"Ole wangu!" Bi Swala akashika kichwa. "Wageni wote hawa niwape mchele mbichi?"

"Lifuateni lile bomba," akasema Kindi, huku akitafuna karanga.

Wakalifuata, wakakuta pango limejaa mvuke.

"Tembo! Si ulisema ni hewa tupu?"

"Ni hewa," Tembo akajikuna. "Ila ina kiu kidogo."

Bi Swala akaling'oa bomba, pwa! Nyimbo zikakatika. Wakati maji yakijaa polepole kisimani, Kindi akaleta gramafoni yake, kri kri kri, na wale wale waliomcheka wakacheza. Raha iliyoje!

"Kesho nakata miti yote ya kisimani," akatangaza, "nichemshe ulimbo, nitengeneze santuri elfu! Nani atamtaja Tembo tena?"

"Thubutu!" Bi Swala akamkata kauli. "Miti hiyo ndiyo inayotutunzia maji. Hizo kumi zinatosha. Tutaazimana, nyumba kwa nyumba."

"Zangu mimi?"

"Zako wewe."

Tembo alikwisha kunyoosha mkonga. "Nianze mimi, jirani?"

Kindi akazikumbatia santuri zake kwa wivu, lakini macho yote yalikuwa kwake. Akatoa santuri aipendayo kuliko zote, akampa.

Nami naitua hadithi yangu hapa, wanangu: kila starehe hula kitu, hata ile unayoambiwa ni hewa.