Nanga Saba za Merikebu Moja

Inasimuliwa, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba hapo kale masultani wawili walipigana, na mji wa bandari wa Shurayma, uliokuwa katikati yao, ukasema: sisi hatumo. Kutokuwemo ni kuzuri, ila wafanyabiashara wa mji ule walitaka wasiwemo huku wanauzia pande zote mbili.

Sultani mmoja akaweka merikebu za vita baharini na kutoa amri: chakula kipite, chuma kisipite. Atakayekutwa na chuma cha biashara, chombo na mzigo vitatwaliwa, na mabaharia watafungwa. Wajumbe wakaenda na kurudi, wakibishana chuma ni kipi. Msumari ni silaha? Sufuria je?

Basi ikakamatwa merikebu ya mchele, na ndani yake Aqili, mwana wa pekee wa Sheikh Shuraim. Mji ukamtuma Sheikh akaiombee, maana alikuwa mcha Mungu ambaye kiapo chake hakikutiliwa shaka. Ndiyo maana walimtaka. Si kwa kupenda ucha Mungu.

Amiri wa merikebu za vita akamwonyesha nanga saba. "Ya Sheikh, apa kuwa hizi zote ni nanga za chombo hiki, nikiachie pamoja na mwanao."

Dahmani, mwenye merikebu na mzigo, aliyefuatana na Sheikh, akamnong'oneza, "Sheikh wangu, nanga ni nanga. Utakuwa umeongopa wapi?"

"Kwani merikebu yako ina wazimu gani, Dahmani, hata ifungwe kwa nanga saba?"

"Mwanao yumo humo!"

Sheikh akamtazama Aqili pale alipofungwa kamba. Kisha akasema, "Ewe Amiri, mbili ni za chombo. Tano ni chuma cha kuuzwa, kiyeyushwe kifuliwe mikuki. Mwanangu namwachia Aliyenipa."

Askari walikwisha kuinua mikuki watoboe magunia, kama ilivyokuwa desturi yao ya kupekua.

"Na magunia haya, Sheikh?"

"Mchele."

"Wekeni mikuki chini," Amiri akawaambia askari. "Tangu vita vianze, huyu ndiye mjumbe wa kwanza aliyenijibu nilichouliza."

Akazitwaa zile nanga tano, akamfungua kijana, na mchele ukaenda zake.

Dahmani hakumsalimia Sheikh mpaka kufa. Na leo, waumini wenzangu, wapo wasemao, "Sikuongopa, nilichagua maneno tu." Haya, chagueni. Malaika anayeandika haandiki neno peke yake. Anaandika na ulilotaka lieleweke.