Kalunguyeye na Magunia Mia Tatu ya Kiboko

Wangapi mnanisikiliza?

— Wote tuliopo.

Mmekaa vipi?

— Mkao wa kula.

Basi mimi natoa maneno, nanyi toeni masikio.

— Yako wazi, tupe.

Palikuwa na mji wa wanyama uliojengwa juu ya kilima, jina lake Kileleni. Huko juu kulikuwa na maduka, migahawa, karakana na hoteli, na biashara zilikuwa zimechangamka kweli. Chini ya mteremko waliishi wanyama wadogo wadogo: vyura, panya, fuko na kalunguyeye. Na katikati, baina ya wale wa juu na hawa wa chini, kulikuwa na jaa.

Kila biashara ilitupa taka zake kwenye jaa hilo. Maganda ya ndizi, puu. Makopo, kwangala kwangala. Karatasi, chaka chaka chaka. Jaa likapanda, likapanda, mpaka likawa kilima cha pili.

Masika yakaingia. Mvua ilinyesha siku nne, na siku ya tano asubuhi jaa likaporomoka, ndindindi, likafukia mashimo kumi na moja ya wale wa chini. Mojawapo lilikuwa la Siwatu, kalunguyeye mmoja mwenye pua ndefu na maneno machache. Mama yake alikuwa ndani. Siwatu alichimba kwa kucha zake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akamtoa mzima. Lakini mgongo wa yule mama ulikuwa umeumia, na tangu siku ile hakuweza tena kujikunja kuwa mpira. Na kalunguyeye asiyeweza kujikunja, jamani, ni kama nyumba isiyo na mlango.

Siwatu hakulia. Alimlaza mama yake mahali pakavu, akapanda kilima mpaka kwa Mzee Kobe, mwenyekiti wa mji, akamwambia kwamba masika yajayo jaa lile halitafukia mashimo kumi na moja, litafukia mtaa mzima. Akaomba apewe kazi ya kulipunguza.

Kobe akamuuliza ataanzia wapi.

"Nitaanza kwa kupima," Siwatu akasema. "Hatujui nani anatupa nini, wala kiasi gani. Tukijua, tutajua pa kushika."

Baraza la mji likakaa, likakubali. Likapitisha kwamba kila mwenye biashara atatenganisha taka zake: karatasi mbali, mabaki ya chakula mbali, makopo na chupa mbali, ili vitumike tena. Na kabla ya masika, katika kila magunia kumi ya taka za biashara, angalau sita yasifike jaani. Siwatu akapewa mizani na daftari, akawa mpimaji wa mji.

Akaanza mlango kwa mlango. Kwa Ngiri mwenye mgahawa, anapima, anaandika. Kwa Kasuku mwenye kiwanda cha kuchapa, anapima, anaandika. Kwa Nyani muuza juisi, anapima, anaandika. Mizani inalia ng'wee, kalamu inasema kwaru kwaru. Mwezi ulipoisha akajumlisha, akaona kwamba katika kila magunia kumi, moja tu ndilo lililokuwa likitumika tena. Tisa yalikwenda jaani.

Hakumgombeza mtu. Badala yake aliwatafuta wenye kuzihitaji zile taka. Akampata Panya Buku, aliyekuwa akiloweka karatasi kuukuu na kutengeneza trei za mayai. Akampata Fuko, aliyeozesha maganda na makombo kuwa mboji ya bustani. Akampata Kunguru, aliyefua makopo kuwa vibatari na kuuza chupa kwa wakamuaji wa mafuta. Hawa watatu wakawa wanapita na mikokoteni yao kila siku ya tatu. Ngiri alipoona uwanja wake hauna inzi tena, akawasifia kwa Nyani. Nyani akamwambia Kasuku. Kasuku, mnamjua, akaambia mji mzima.

Siwatu akapima tena. Magunia mawili katika kumi. Akapima tena. Matatu. Akapima tena. Manne. Hapo namba ikagoma. Mwezi huu nne, mwezi ujao nne.

Akapekua daftari, akalilinganisha na magunia yaliyofika jaani, akaelewa. Nusu ya taka zote za Kileleni zilitoka mahali pamoja, nako alikuwa hajawahi kupima hata gunia moja. Kwa Kiboko.

Kiboko alikuwa na hoteli kubwa kuliko zote, pale kwenye bwawa la juu. Alikula kuliko wageni wake wote wakiwekwa pamoja, na alipotembea ardhi ilisema ndi, ndi, ndi. Baraza lilimwogopa. Siku moja Mzee Kobe alijaribu kumkanya, Kiboko akaja barazani, akakalia benchi la wajumbe, benchi likavunjika, akaenda zake.

Siwatu alikwenda mara ya kwanza na mizani yake. Kiboko akaipanda kwa mguu mmoja. Mizani ikalia ng'wee, kisha ikalia kra, ikawa bapa kama chapati.

"Umeshapima," Kiboko akasema. "Nenda."

Alikwenda mara ya pili na mizani ya kuazima. Akakuta geti limefungwa, na wapishi wakitupia taka jaani kwa upande wa nyuma, puu, puu, puu. Alisimama pale juani akihesabu mpaka alipochoka kuhesabu. Aliporudi nyumbani mama yake alimuuliza habari za kazi. Siwatu akajibu kwamba ni nzuri, kisha akatazama mawingu. Zilikuwa zimebaki wiki kumi tu kabla ya masika.

Usiku ule aliwaza. Asubuhi akaenda kwa Mzee Kobe akamwomba jambo moja, na Kobe, aliyekuwa hacheki ovyo, akacheka mpaka gamba likatikisika. Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba biashara itakayotenganisha taka nyingi kuliko zote, jina lake litaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye lango la mji.

Mara ya tatu Siwatu alikwenda kwa Kiboko bila mizani. Alibeba daftari na kidau cha wino. Safari hii geti lilikuwa wazi.

Kiboko alimuuliza kama ni kweli kuhusu lango. Siwatu akasema ni kweli. Kiboko akauliza rangi itakuwa nyekundu kweli au ya kufifia. Siwatu akasema nyekundu ya kung'aa. Kisha akaeleza, kwa unyonge, kwamba mizani ya mji ilikuwa bado imeharibika, kwa hiyo ataandika tu kile ambacho Bwana Kiboko mwenyewe atamwambia. Mkubwa kama yeye hana haja ya kupimwa.

Kiboko alifurahi, masikio yakacheza. Akasema karatasi alizotenganisha ni magunia ishirini. Hakuwa ametenganisha hata bahasha.

Siwatu akaandika, kisha akataja kama kwa bahati mbaya kwamba Kasuku ametoa thelathini.

"Andika arobaini," Kiboko akasema.

"Naandika."

"Ongeza."

"Naongeza."

"Ongeza tena, mpaka mia."

"Mia. Na mabaki ya chakula, Bwana Kiboko? Ngiri ametoa mia."

"Andika mia na kumi."

"Naandika."

"Ongeza."

"Naongeza. Mia na ishirini. Na makopo na chupa?"

Wakaenda hivyo, huyu anaongeza, huyu anaandika, mpaka yakatimia magunia mia tatu. Siwatu akamwaga wino sakafuni, akamwomba Kiboko akanyage, kisha akanyage kwenye ukurasa, kama sheria ya mji inavyotaka. Kiboko akakanyaga, ndi. Alama ya mguu ikajaza kurasa mbili.

Mnaona Siwatu anakokwenda?

— Tunaona, endelea.

Siku ya baraza mji mzima ulijaa uwanjani. Mzee Kobe akasoma namba. Ngiri mia na thelathini. Kasuku thelathini. Nyani sabini. Kiboko mia tatu. Watu wakapiga makofi, wengine kwa woga. Mchoraji akapandishwa ngazi langoni na kopo la rangi, na Kiboko akasimama mbele akiwa amefumba macho kwa raha.

Ndipo Siwatu aliposimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. Akasema Panya Buku, Fuko na Kunguru wamefurahi kuliko wote, kwa sababu wamekuwa wakihangaika kwa kukosa mali, kumbe yako magunia mia tatu yamekaa hotelini tayari. Mikokoteni iko pale nje. Sheria ya mji ni kwamba kilichotenganishwa kikabidhiwe ndani ya siku kumi na nne. Je, Bwana Kiboko anapenda waje leo au kesho?

Kiboko akafumbua macho. Akatazama mikokoteni. Akatazama alama ya mguu wake kwenye daftari. Akatazama lango, ambako mchoraji alikuwa amekwisha kuandika "KIB" na sasa anasubiri, brashi hewani.

Angeweza kusema amedanganya. Lakini alikuwa amesimama mbele ya Ngiri, na mbele ya Nyani muuza juisi, na hakuwahi kukubali kosa hata mbele ya mama yake mzazi. Akasema waje baada ya wiki mbili, mzigo uko salama.

Mchoraji akaendelea.

Kiboko alipofika nyumbani aliwaamuru wapishi watenganishe kila kitu. Lakini jiko lilitoa magunia mawili kwa siku, na ukipiga mahesabu, wiki mbili hazitoshi. Mali yake yote ya miaka mingi ilikuwa mahali pamoja tu, na alipajua. Kesho yake asubuhi, mji mzima ukitazama, Kiboko alishuka jaani, akainamisha kichwa, akaanza kuchimba.

Chubwi, anatoa kopo. Chubwi, anatoa chupa. Chubwi, anatoa boksi lililolowa. Jua likampiga mgongoni, inzi wakamwingia masikioni. Jioni ya siku ya tatu alikuwa na magunia arobaini, na hasira ya kutosha magunia elfu.

Akateremka mteremko wote, ndi, ndi, ndi, mpaka kwenye shimo la Siwatu. Mama mtu alikuwa ameketi nje akiota jua. Siwatu akatoka mbio akasimama mbele yake. Angeweza kujikunja kuwa mpira, miiba nje, lakini nyuma yake alikuwepo asiyeweza. Akabaki amesimama, tumbo wazi, moyo ukimdunda mpaka kwenye ncha za miiba.

Kiboko akainua mguu. Kivuli chake kikawafunika wote wawili.

"Ulijua sina kitu," akasema.

"Nilijua."

"Ukaniacha niseme."

"Nilikuacha. Sasa nikanyage, Bwana Kiboko. Ila mpimaji wa mji ni mimi peke yangu. Nikifa leo, nani ataandika kwamba umekabidhi magunia arobaini? Utakuwa bado unadaiwa mia tatu."

Mguu ukabaki juu. Kiboko alifikiri, na kwake kufikiri kulichukua muda. Aliyakumbuka yale arobaini, harufu yake, na jinsi alivyoyatoa moja moja kwa mdomo wake mwenyewe. Mguu ukashuka polepole, pembeni.

Akauliza Siwatu atakuja saa ngapi kupima. Siwatu akamkumbusha kwamba hana mizani.

Kesho yake Kiboko alinunua mizani mpya, kubwa, ya chuma, akaibeba mwenyewe mpaka jaani. Na tangu siku ile hakuna mnyama aliyependa kupimwa kama yeye. Gunia likiwekwa, anainama kutazama mshale. Siwatu akisema gunia limepungua kidogo, anabisha, anataka lipimwe upya. Mikokoteni ya Panya Buku, Fuko na Kunguru ilipanda na kushuka kutwa nzima, na siku ya kumi na nne jua likiwa linazama gunia la mia tatu likapanda mizani, ng'wee. Siwatu akaandika.

Kuhusu jikoni kwake, Kiboko alikuwa amejifunza kwamba kutenganisha kopo likiwa juu ya meza ni rahisi kuliko kulitoa chini ya taka za miaka minane. Wapishi wakawekewa mapipa matatu, na aliyekosea pipa alikiona cha moto. Siwatu alipojumlisha mwezi ule alipata sita. Mwezi uliofuata, saba.

Masika yakaja. Mvua ilinyesha siku sita, siyo nne. Wale wa chini walikaa milangoni wakisikiliza. Jaa lilikuwa limebonyea katikati kama sufuria, maji yakatuama humo, wala halikusogea. Siku ya saba jua likatoka, na mama yake Siwatu akaomba asogezwe nje.

Na Kiboko? Jina lake liko langoni mpaka leo, kwa rangi nyekundu. Miji jirani inamwalika akafundishe usafi. Anasimama, anatoa tumbo mbele, anawaambia kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Jina la Siwatu halikuandikwa popote. Nilimuuliza kama linamuuma, akaniambia nimpishe, ana maduka manne ya kupima kabla ya mchana.

Sasa mnataka funzo?

— Tunalitaka.

Funzo ni hili: semeni uongo. Lakini msiseme uongo mdogo, maana huo haumsaidii mtu. Semeni mkubwa, mbele ya mji mzima, kisha mkatafute koleo la kuchimbia.

Hapo ndipo nimeitua. Aliyeipenda aibebe.

— Tumeibeba.

Na aliyesinzia?

— Asimuulize jirani.