Maandamano Yaliyosubiri Watoto Washibe

Waliotutangulia katika imani husimulia kwamba hapo zamani, katika kijiji kidogo cha Wakristo juu ya milima ya Ufipa, aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Kresensia. Yeye ndiye aliyewaongoza kina mama kila mwaka katika maandamano ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Sanamu ya Mama Mtakatifu ilibebwa na wanawake wanne, na Kresensia ndiye aliyewachagua.

Mwaka mmoja msichana aitwaye Makrina alijitokeza kubeba. Alikuwa mjamzito, wala hakuwa na mume. Kresensia akasema mbele ya wote, "Mikono hiyo haifai kumbeba Mama wa Bwana." Makrina akainamisha kichwa, akarudi nyuma ya mstari.

Mwaka uliofuata, majuma machache kabla ya sikukuu, binti pekee wa Kresensia alifariki akijifungua, akaacha mtoto wa kike. Kresensia akamnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko, mtoto akatapika. Akayazimua kwa maji ya moto, akatapika tena. Siku ya tatu kilio chake kilikuwa chembamba kama cha paka aliyefungiwa mbali. Na katika kijiji kizima, aliyekuwa akinyonyesha ni Makrina peke yake.

Kresensia alimfunika mtoto gubigubi, akatoka. Mara mbili alifika kwenye kichuguu kilicho karibu na nyumba ya Makrina, na mara mbili haya ikamrudisha. Mara ya tatu mtoto hakulia kabisa, na hapo miguu yake ikaenda yenyewe.

Makrina alikuwa mlangoni akichambua maharage, mwanawe mgongoni.

"Shikamoo, Bibi. Mbona umemfunika hivyo, kama mtu aliyeiba kuku?"

"Makrina, mwanangu, mwaka jana mimi nilisema..."

"Mlete kwanza."

Akamweka mtoto kifuani. Mtoto hakuwa na nguvu hata ya kunyonya. Makrina akamkamulia matone midomoni, moja baada ya jingine, kwa subira, mpaka koo lile dogo likameza, naye akaanza kunyonya. Kresensia akapiga magoti aombe msamaha.

"Nyamaza, Bibi, utamfanya aachie. Hebu nishikie huyu wangu, ananivuta nywele."

Basi Kresensia akampakata mtoto ambaye alikuwa amemdharau kabla hajazaliwa, naye mtoto akamchekea.

Sikukuu ilipofika, Kresensia alisimama mbele ya kina mama. "Mwaka jana nilisema mikono ya Makrina haifai," akaungama. "Nilikosea, tena nikalitumia jina la Mama Mtakatifu. Leo naomba Makrina abebe."

Makrina akacheka kidogo. "Mikono yenyewe iko wapi, Bibi? Imejaa." Akafuata nyuma, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani.

Nusu ya njia watoto wote wawili wakaanza kulia. Makrina akaketi kando, kwenye majani. Wabebaji wakaendelea, kwa kuwa maandamano yale hayakuwahi kusimama tangu yaanzishwe. Lakini Kresensia, aliyekuwa mbele, akageuka na kuinua mkono.

"Tueni sanamu."

"Bibi, padre anatungoja kanisani."

"Na angoje. Mama huyu hajawahi kuacha watoto nyuma."

Wakairudisha sanamu, wakaitua mbele ya Makrina. Kresensia akasimama upande wa jua, akaitandaza nguo yake ya mabegani iwe kivuli. Watu wote wakakatiza wimbo, wakangoja mpaka mtoto wa kwanza akalala, na wa pili akacheua. Ndipo wakaendelea na wimbo pale walipouachia.

Wapendwa, Bwana wetu alipokuwa msalabani alimkabidhi mama yake mtoto ambaye yeye hakumzaa, naye akampokea pale pale, machozi yakimtoka. Kila ampokeaye mtoto wa mwingine amesimama karibu na Mama huyo. Mungu atujalie mikono isiyouliza kwanza mtoto ni wa nani.