Kibao cha Darasa la Awali

Kibao kilichopasuka hupeleka wawili. Mmemsikia matroni akisema hivyo alipowatuma wawili wawili bombani, ninyi wa kidato cha kwanza, na mmenijia mimi niwaeleze. Mmefanya vyema. Mimi ni mzee wa kidato cha nne, nina ndevu tatu na magoti yanayouma kila siku ya mchakamchaka. Ketini juu ya matranka yenu, wajukuu, msikie methali hii ilikotoka.

Ilitoka Rungwe, katika shule moja ya msingi iliyo chini ya mashamba ya chai. Darasa la awali lilikuwa na watoto thelathini na mmoja na kibao kimoja. Kilikuwa kipande cha mkaratusi kilichoandikwa CHOO, kikining'inia kwa kamba kwenye msumari karibu na mlango. Aliyebanwa alikivaa shingoni, akaenda, akarudi, akakitundika. Bila kibao hakuna kutoka. Mwalimu Atuganile aliweka sheria hiyo baada ya watoto sita kuomba ruhusa pamoja, wakaja kuonekana saa nzima baadaye wakiteleza kwenye matope kwa makalio. Ilikuwa sheria nzuri. Kasoro yake ni kwamba ilimpeleka mtu peke yake.

Subilaga alikuwa na miaka mitano. Alilelewa na bibi yake, na nyumbani hakuwahi kwenda chooni bila yeye. Bibi alisimama nje ya mlango akikohoa kila baada ya muda kidogo, si kwa ugonjwa, bali mjukuu ajue kwamba mtu yupo. Shuleni vyoo vilikuwa nyuma ya migomba, mlango wa bati, ndani giza na tundu jeusi. Hakukuwa na wa kukohoa. Kwa hiyo Subilaga alivaa kibao, akaenda hadi kwenye kona ya ukuta, akasimama hapo akihesabu migomba, kisha akarudi na haja yake ile ile. Kabla ya uji wa saa nne sketi ilikuwa imelowa.

Mara ya kwanza wenzake walicheka. Mara ya tatu walisogea. Benchi la watu wanne likabaki na mtu mmoja, na hata wakati wa uji alishika kikombe chake akitazama migongo. Habari za kikohozi cha bibi hakumwambia mtu. Angemwambia nani.

Mwalimu Atuganile hakuwa mkali. Alimwosha, akambadilisha sketi, akamweleza bibi kwa upole kwamba hali ikiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, mtoto atarudi nyumbani asubiri mwaka mwingine. Kisha akafikiri sana, akafanya kosa ambalo ni mwalimu mwenye kibao tu angeweza kulifanya. Alimvika Subilaga kibao tangu asubuhi, abaki nacho kutwa, aende wakati wowote apendao.

Ipimeni hekima hiyo. Watoto thelathini wamekunywa uji, na ruhusa yote ya darasa iko kwenye shingo ya mtoto mmoja asiyeitumia. Siku ya pili darasa zima lilikaa limebana miguu, na aliyekuwa akichekwa sasa akachukiwa.

Siku ya tatu Gwakisa, mtoto wa dereva wa trekta la chai, alishindwa kuvumilia. Alipomwona Subilaga anatoka, alimfuata bila ruhusa, akamkuta kwenye kona yake, uso ukutani.

“Mbona huingii?”

Subilaga akazidi kujibana ukutani.

“Basi nipe hicho kibao. Mwenzio nakufa.”

“Mwalimu kasema nikae nacho mimi.”

Gwakisa akavuta. Subilaga akavuta. Mkaratusi ukapasuka katikati, mmoja akabaki na CH, mwingine na OO. Walitazamana kama wezi. Lakini Gwakisa hakuwa na nafasi ya kujuta. Alikimbilia chooni na CH yake mkononi, akafunga mlango, na humo gizani ushujaa wake wote ukamwisha.

“Subilaga. Upo?”

Nje mtu akakohoa.

“Unaumwa?”

“Siumwi. Ni ili ujue nipo.”

Gwakisa akamaliza haja yake akiliwaza jambo hilo. Alipotoka aliushika mlango.

“Haya, ingia. Nitakohoa mimi.”

Alikohoa kama mzee wa kiko. Alikohoa hadi Mwalimu Atuganile akaja mbio na mwavuli, akidhani kuna mtoto amepaliwa. Akamkuta Gwakisa akiulinda mlango wa bati na nusu ya kibao, na kutoka ndani ikasikika sauti aliyoingojea tangu shule ifunguliwe. Mwalimu alisimama kwenye mvua hadi sauti hiyo ikaisha. Kibao hakukiunga. Alivitoboa vipande vyote viwili, akapigilia msumari wa pili: OO ya mwenye haja, CH ya wa kumkoholea.

Mwisho wa mwezi ulifika, sketi ikiwa kavu, Subilaga akabaki shuleni. Ila mwezi wa saba dereva wa trekta alihamishwa, na Gwakisa akaondoka siku ya Jumapili bila kuaga. CH ikabaki kwenye msumari ikishika vumbi. Wenzake walikwishazoea kuketi mbali. Subilaga alivaa OO, akaenda peke yake. Mlangoni alikohoa mara moja, akatulia kidogo kama anayengoja kuitikiwa, kisha akaingia.

Mwezi wa tisa akaja mtoto mgeni. Mwalimu alipomvika OO, mgeni huyo alifika kizingitini akaganda hapo, akitazama mvua. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemcheka. Subilaga akainuka kwenye benchi lake, akaishusha CH, akaipuliza vumbi, akaivaa.

Mwalimu Atuganile hakugeuka kutoka ubaoni. Alisikiliza nyayo za watu wawili zikienda, na baada ya muda, nyuma ya migomba, kikohozi kidogo cha mtu asiyeumwa. Ndipo akawaambia waliobaki: kibao kilichopasuka hupeleka wawili.