Aliyeruka Pale pa Kusamehe

Wapendwa wa kikundi hiki, tangu asubuhi nimepokea maua manne, jua linalochomoza na wimbo mmoja uliokataa kufunguka. Asanteni. Leo nami nina la kwangu. Nimeliandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mlisome lote kabla ya kulipeleka kwa wengine.

Miaka hamsini iliyopita niliolewa milimani Upare nikiwa sijabatizwa. Mama mkwe hakutaka maneno mengi. Wiki ile ile nikapelekwa darasa la ubatizo.

Kanisa letu lilikuwa la kuta za udongo na mabenchi yasiyo na egemeo. Jumapili ukungu uliingia ndani pamoja na watu, na wapiga tarumbeta walipasha midomo nje huku sisi wanawake tukiwacheka. Nimesali katika makanisa makubwa tangu hapo, yenye feni na vipaza sauti, lakini moyo wangu haujahama kule. Nalikumbuka kanisa lile mpaka nalia.

Mwalimu wetu alikuwa Mwinjilisti Sifaeli, mtu mwadilifu na mkali. Alikuwa na binti, Nasero, ambaye alimfukuza nyumbani alipopata mimba kabla ya ndoa. Kila mtu alijua kwamba Nasero yuko Same mjini, chini ya mlima. Kwa miaka tisa hakuna aliyethubutu kulitaja jina hilo mbele ya baba yake.

Kila mwaka, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mchungaji alipanda kwa miguu kuja kututahini mbele ya usharika. Amri, imani na sala, vyote kwa moyo. Aliyeshindwa alisubiri mwaka mwingine.

Mimi nilimeza katekisimu nzima kwa miezi minne. Nilifaulu mara ya kwanza, na jioni ile ile nikamnunia mama mkwe kwa sababu ya ndoo ya maji. Ndiyo kufaulu kwangu huko.

Nilitahiniwa pamoja na Kajiru, mkulima wa makamo. Mkewe Nakijwa na watoto wao walikuwa wamebatizwa zamani. Yeye aliwasindikiza tu, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kisha Nakijwa akaanza kuugua moyo, akamwomba mumewe jambo moja.

"Baba Namsifu, kabla sijaenda, natamani tupige magoti pamoja kwenye meza ya Bwana."

Bila ubatizo, meza ile haikaribiwi. Basi Kajiru akajiandikisha.

Siku ya mtihani alijibu yote bila kukwama, na maana zake. Ilipofika sala ya Bwana alienda vizuri hadi mkate wa kila siku. Pale pa kusamehe, 'utusamehe makosa yetu, kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea', akaruka, akaendelea na majaribu.

"Umeruka mahali," mchungaji akamwambia.

"Ndiyo, mchungaji. Nimeruka."

Akaambiwa arudi mwaka ujao. Mwaka wa pili akaruka tena palepale. Watu wakaanza kucheka. Mwinjilisti alikasirika, na siku ile tukirudi nyumbani kwa njia moja alishindwa kujizuia.

"Sentensi moja tu, ndugu Kajiru! Mkeo anazidi kudhoofu, wewe unashindwa na sentensi moja?"

"Sijaisahau, mwalimu. Ndiyo ninayoijua kuliko zote."

"Sasa?"

Kajiru akasema, "Mwaka ule wa ukame, Mchome alifungua ndiva siku ya zamu yangu."

Nieleze kwa walio mbali. Mchome alikuwa jirani yake wa shamba, na ndiva ni bwawa letu dogo. Hujaa usiku, hufunguliwa asubuhi, na maji hushuka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Kuiba zamu ya mtu wakati wa ukame ni kumnyang'anya chakula mdomoni.

"Maharage yangu yalikauka yote," Kajiru akaendelea. "Njaa ikatuingia. Kabla ya mavuno mengine nilimzika mwanangu Namsifu. Sasa sala ile inamwambia Mungu anitendee mimi kama ninavyomtendea Mchome. Najua ninavyomtendea Mchome moyoni mwangu. Nikiisema leo, nimejihukumu mwenyewe."

Mwinjilisti akauliza, "Sasa utafanyaje?"

"Nafanya mazoezi. Zamani nilizunguka kilimani nisipite kwake. Siku hizi napita, kila asubuhi. Mwezi wa kwanza nilipita tu. Wa pili nikawa nakohoa, wajue kuna mtu. Sasa naamkia."

"Anaitika?"

"Siku nyingine."

Tangu hapo nikawa namwangalia. Kwetu kila mtu huzibua mfereji unaopita kwenye shamba lake. Kajiru akimaliza wake alikuwa akiongeza hatua moja ndani ya sehemu ya Mchome. Kesho yake, hatua nyingine. Mnajua Mchome alifanya nini? Alienda kumshtaki kwa balozi wa nyumba kumi kwamba Kajiru anasogeza mpaka. Mwizi hudhani kila mtu ni mwizi. Kajiru aliacha wiki nzima, akakaa na hasira yake, kisha akarudi na jembe.

Mwaka wa tatu, alipofika pale, hakuruka. Alisimama kimya muda mrefu, jasho likimtoka, kisha akasema, "Bado kidogo." Kanisa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Nakijwa peke yake ndiye hakucheka.

Mwaka wa nne Nakijwa aliletwa kanisani kwenye kiti, amebebwa na wanawe. Tulimtazama mara moja tukajua hafiki Pasaka nyingine.

Mwinjilisti Sifaeli alifungua mtihani kwa sala ya Bwana, kama kawaida yake. Alitangulia sentensi moja moja, sisi tukizifuata. Akafika pale pa kusamehe, akanyamaza.

Tulidhani koo limemkauka. Mchungaji akainua kichwa. Mwinjilisti alikuwa ameshika ukingo wa madhabahu kwa mikono miwili.

"Siwezi," akasema taratibu. "Miaka thelathini naisema na kuwasemesha watu, na mwanangu nimemfungia mlango. Huyu tunayemwangusha kila mwaka ndiye aliyeielewa."

Ndipo sauti ikatoka benchi la mwisho. Kajiru alikuwa amesimama. Aliisema sentensi ile neno kwa neno, peke yake, mpaka mwisho wake. Kisha akaendelea na sala, na kanisa zima likamfuata yeye hadi amina.

Mchungaji akamwuliza, "Ndugu Kajiru, umeipata lini?"

"Sijui, mchungaji. Leo asubuhi nilipita kwa Mchome, tukaamkiana, tukaulizana habari za mvua. Nimeshafika kwenye daraja ndipo nikakumbuka kwamba huyu mtu huwa namchukia."

Safari hii hakucheka mtu. Mchome, aliyekuwa benchi la katikati, aliinamisha kichwa akakilaza juu ya magoti yake.

"Sina swali lingine," mchungaji akasema.

Kesho yake Kajiru alibatizwa. Alimnyanyua Nakijwa kutoka kwenye kiti, wakapiga magoti pamoja, akamshika kiuno asianguke mpaka kikombe kilipowafikia wote wawili. Tulimzika Nakijwa kabla maharage hayajatoa maua. Mchome ndiye aliyetangulia kushika chepe.

Mwinjilisti wetu alishuka mlima Jumatatu ya Pasaka bila kumuaga mtu. Alhamisi nilikuwa njiani na kuni nilipowaona wakipanda: Nasero mbele, binti yake wa miaka tisa katikati, na nyuma yao mwinjilisti, mwanamume mzima wa heshima zake, amejitwika mzigo wa mwanawe kichwani kama sisi wanawake. Nilisimama pembeni kuwapisha. Alinipita huku machozi yanamtiririka, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika mzigo.

Funzo: Wokovu ni zawadi ya Mungu, lakini mkono uliokunja ngumi hauwezi kuipokea. Ukunjue kila siku, hata kama ni kidole kimoja kimoja.