Kikombe cha Tarjumani wa Kidurani

Alhamdulillahi. Mimi elimu yangu ni ya chuoni tu, na nimepata kusema nisilolijua. Basi nikikosea, Mola anighufirie.

Katika mji wa Kidurani alitawala Sultani Shamlani, na binti yake, Mwana Shali, aliteka maji kisima cha kale bila ya kupiga bismillahi, na sauti yake ikazama humo. Tangu siku ile, kila adhuhuri, kisima kikiita kwa sauti ya binti neno moja tu: "Na!"

Sultani akaahidi kumwoza binti yake atakayelifasiri. Tarjumani wa Kiajemi akanena, "Kwetu hukataa: la." Papo hapo akawa bubu. Wa Kiswahili akanena, "Kwetu huunganisha, mtu na mwenziwe." Naye akawa bubu. Kesho yake kisima kikaita kwa sauti tatu.

Ikafika zamu ya Mbwarahaji, tarjumani wa forodhani. Ada ya kazi yao ni kushika kikombe, na asiyejua hukipindua. Lakini kwa kuona haya, miaka arubaini hapana aliyekipindua.

Mbwarahaji akakipindua juu ya zulia lililotandikwa kando ya kisima.

"Lo! Tarjumani gani huyu?" wenziwe wakacheka. "Umekuja kutwambia hujui?"

"Sijui, maulana," akamwambia Sultani. "Na mwaka juzi pia sikujua, nikafasiri maneno ya Bwana Shekue mbele ya kadhi kwa kubahatisha, naye mpaka leo yumo gerezani, hana kosa." Kisha akainamia kisima. "Ewe uliyemo, neno hili kwenu ni nini?"

Maji yakatulia. Jini aliyemo kisimani akajibu kwa zile sauti tatu, "Watu wa lugha yangu wamekwisha. Kila mtu hunipa neno la kwao, wewe wa kwanza kuniuliza langu. Ni jina la mwanangu. Sauti zenu nilizitwaa ili nimwite kwa nguvu."

Mbwarahaji machozi yakamtoka. "Basi tutakusaidia kuita."

Wakaita, Sultani na mawaziri na watumwa, "Na! Na!" mpaka kuta zikatetema. Wakatega masikio. Kikombe kilichopinduliwa kikatikisika, na chini yake sauti ndogo ya mtoto ikaitika.

Jini akamfuata mwanawe chini ya kikombe, na kisima kikakauka. Mwana Shali akasema, "Baba, nina kiu," na mabubu wakatoa shahada.

Mbwarahaji akaozwa, akapewa mali, na mahari aliyoitanguliza ni kumfungua Shekue kwa mikono yake na kumwomba radhi. Nawe usikiaye, usione haya kusema hujui. Kikombe kile kingali juu ya zulia lile, na hapana athubutuye kukiinua.